Mita Hamsini Mbele ya Nguzo

Sugizawa, Akita
11 Juni 2013

Misao mwanangu,

Habari za Nagoya? Sisi huku tunaendelea, mvua bado haijakolea. Nimeona nikuandikie kabla kazi za shamba hazijanibana. Asante sana kwa keki za maharagwe. Mume wangu, ambaye unamjua si mtu wa vitu vitamu, alikula tatu kabla hata sijamimina chai.

Kuhusu lile tuta la jaruba, tafadhali liondoe moyoni. Tuta ni udongo tu. Miche iliyokauka ni ya kona moja, tulishapandikiza mingine. Baba yako alipopiga magoti mlangoni kwetu na kuinamisha kichwa mpaka sakafuni kwa niaba yako, mimi nililia. Mtu wa miaka sabini na moja, na mkewe hajatimiza hata mwaka kaburini.

Mama yako alikuwa rafiki yangu. Obon yake ya kwanza ni mwezi wa nane, na roho yake ikirudi nyumbani kitongoji kizima tutakuja kwenu kuipokea. Usije ukaona haya kupita mbele ya nyumba yetu. Kukosea ni jambo la kawaida, hasa kwa mtu aliyekaa mjini muda mrefu.

Jirani yenu,
Hatakeyama Kinu


Nagoya
14 Juni 2013

Baba,

Nimepata barua ya Mama Kinu. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaketi nikaisoma tena, na bado sijui inamhusu nani. Ananishukuru kwa keki ambazo sikutuma. Ananisamehe kosa ambalo silijui. Anasema wewe umepiga magoti kwa ajili yangu.

Tuta gani? Mei nilikaa kwako siku mbili. Jumamosi tulikwenda kaburini kwa Mama. Jumapili asubuhi wewe ulikwenda kusafisha mfereji na wenzako, mimi nikaazima lenzi yako ndefu nikaenda kupiga picha treni ya saa moja na dakika kumi na mbili. Mchana nikaondoka. Sikumbuki kuvunja hata kikombe.

Ningekupigia simu, lakini kwa masikio yako tungeulizana "unasemaje?" mpaka jioni. Niandikie. Labda kuna Misao mwingine huko ambaye simjui.

Misao


Sugizawa
18 Juni 2013

Misao,

Nilidhani jambo hili tungelimaliza bila kuliandika, maana lililoandikwa hukaa. Lakini umeuliza.

Jumapili ile, wewe ukiwa umeshaondoka, Hatakeyama Toshiro alikuta tuta la jaruba lake la chini, lile linalotazama reli, limebomoka kwa upana wa mlango. Maji yote yalikuwa yamekimbilia mtaroni, na alikuwa amepanda juzi tu. Hakumtaja mtu. Aliziba, akanyamaza.

Kisha tarehe 5 Juni gazeti likatoa picha yako kwenye ukurasa wa wasomaji. Sikufichi, nilifurahi. Nilikata ukurasa nikauweka mbele ya picha ya mama yako, na hapo ndipo nilipoona. Behewa limeijaza picha kutoka ukingo hadi ukingo. Chini wameandika: Sugawara Misao, Sugizawa, lenzi ya milimita 200. Lenzi hiyo ni yangu. Nimesimama nayo kwenye nguzo ya umeme namba 14, upande wetu wa barabara, misimu kwa misimu, na kutoka pale treni haijawahi kujaza picha. Theluthi nzima hubaki tupu. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Ili treni ijae vile kwa lenzi ile, lazima mtu asimame mita hamsini mbele ya nguzo. Nikaenda nikapima kwa kamba. Mita hamsini mbele ya nguzo ni tuta la Toshiro, palepale lilipobomoka.

Unajua kwamba ni mimi niliyepita nyumba zote kumi na moja na zawadi za taulo na keki, nikiwaomba wenyeji wawavumilie wapiga picha wa treni. Niliahidi kwa mdomo wangu kwamba hakuna atakayevuka barabara kuingia mashambani. Sasa anayevuka ni mwanangu? Sikungoja Toshiro aone gazeti. Nilikwenda siku hiyohiyo. Kwenye boksi la keki niliandika jina lako ili isionekane nakuficha.

Naambatanisha picha mbili, yako niliyoinakili gazetini na yangu, nimezisafisha kwa ukubwa mmoja. Tazama mwenyewe. Sikugombezi. Yamekwisha.

Baba yako,
Eizo


Nagoya
23 Juni 2013

Baba,

Yamekwisha kwako. Kwangu ndiyo kwanza yanaanza.

Nilisimama kwenye nguzo. Si karibu na nguzo, kwenye nguzo yenyewe. Niliiegemeza bega kwa sababu lenzi yako ina uzito wa mtoto mchanga. Sikuvuka barabara, wala sikufikiria kuivuka.

Picha zako mbili ziko mbele yangu hapa kazini, kati ya meno bandia ninayowatengenezea watu. Nimezipima kwa rula. Umesema kweli: treni yangu ni kubwa kuliko yako mara moja na nusu kamili. Lenzi moja, nguzo moja, treni moja. Sielewi. Ningekuwa hakimu ningejifunga mwenyewe, ila tatizo ni kwamba nilikuwepo.

Kinachoniuma kuliko tuta ni hiki. Anwani yangu unayo. Ungeniuliza swali moja tu, Misao, ulisimama wapi? Ukaenda kwa Mzee Hatakeyama kwanza.

Na sasa natakiwa nije Obon nikae mlangoni kupokea wageni wa Mama, kila anayeinama mbele ya picha yake akiinuka ananitazama mimi na kuona mvunja tuta. Siwezi. Kama msamaha ule hautarudishwa, siji.

Misao


Sugizawa
29 Juni 2013

Misao,

Umeandika kwa hasira, nami nimesoma polepole.

Lenzi ni lenzi. Mia mbili ni mia mbili hata ukiifunga kwenye sufuria. Nimepiga picha za treni tangu enzi za makaa ya mawe, na miaka yote hiyo mtu akiniambia alitumia lenzi gani, mimi namwambia alisimama wapi. Wenzangu wa chama cha wapiga picha wananiita kwa kazi hiyo. Kamera yako niliitania kwamba ni ya wanafunzi, na yangu kubwa ukaiita tofali. Ule ulikuwa utani. Lakini zote mbili ni za kiwanda kimoja, zinakubali lenzi moja, na hakuna kamera inayotembea mita hamsini yenyewe.

Labda ulitaka picha nzuri ya kumwekea mama yako, ukasogea bila kujua. Mtu mwenye msiba miguu yake haimsikilizi. Nisingekulaumu kwa hilo.

Na msamaha haurudishwi kama chupa tupu dukani. Nikimwambia Toshiro si wewe, nimemwambia ni mwingine. Nani? Huku tuko nyumba kumi na moja, tunagawana mfereji mmoja wa maji. Nimwonyeshe kidole nani?

Njoo Obon. Usimfanye mama yako angoje mtu asiyekuja.

Eizo


Nagoya
7 Julai 2013

Baba,

Nitakuambia jambo la aibu. Barua yako ilipofika nilianza kujishuku. Nilitoa viatu nilivyovaa Mei nikavigeuza, nikakuta matope. Nikakaa nayo dakika nyingi nikijiuliza ni matope ya barabarani au ya jarubani, kana kwamba Sugizawa kuna mahali pasipo na matope. Nilifika hadi kuanza kukuandikia kwamba pengine ni kweli, pengine nilisogea. Niliandika mistari minne. Kisha nikaona naomba radhi kwa jambo ambalo macho yangu hayakuliona, nikaichana.

Jumamosi nilizipeleka picha zile mbili kwenye duka la kamera karibu na kazini. Muuzaji ni kijana mmoja mpole sana, akaniuliza, "Dada, kamera ya huyu mzee ni ipi, na yako ni ipi?" Nikamtajia. Akacheka kidogo, kisha akaomba radhi kwa kucheka.

Nakueleza alivyonieleza, nawe unisamehe nikikosea. Pale ilipokaa filamu zamani, sasa kuna kibamba kinachopokea mwanga, wanakiita kihisi. Kwenye kamera yako kina ukubwa uleule wa filamu uliyoizoea. Kwenye yangu ni kidogo zaidi. Lenzi inatoa picha ileile kwa kamera zote mbili, lakini kihisi changu kinashika sehemu ya katikati tu, pembeni panamwagika. Ukisafisha picha kwa karatasi ya ukubwa mmoja, ile sehemu ya katikati inatandazwa ijae karatasi nzima. Kwa hiyo treni inaonekana karibu. Mara moja na nusu. Nilimwonyesha rula yangu akasema, "Hiyohiyo."

Nilimwuliza sasa ipi ni kamera bora. Akasema inategemea unataka nini: yako ina nguvu kwenye mwanga hafifu na inakupa upana, yangu ni nyepesi, na lenzi ileile inakufikisha mbali zaidi. Sikuelewa yote. Nilielewa kwamba sikuvuka barabara.

Najua hutaamini muuzaji. Kamera yangu inakuja kwa kifurushi, itafika keshokutwa. Funga lenzi yako, simama kwenye nguzo.

Misao


Sugizawa
16 Julai 2013

Misao,

Kifurushi kilifika kikiwa salama. Nilikiacha mezani wiki nzima. Nilijiambia nangoja mvua ikatike, ila mvua ilikuwa imeshakatika.

Leo asubuhi nimesimama kwenye nguzo namba 14. Treni ya kwenda nimeipiga kwa kamera yangu. Nikahamisha lenzi, sikusogeza mguu hata unyayo mmoja, nikangoja treni ya kurudi, nikaipiga kwa yako. Imejaa kutoka ukingo hadi ukingo.

Nilirudia na ya saa nne. Kisha ya saa sita. Dereva sasa ananipungia mkono, nadhani anafikiri nimerukwa na akili.

Jambo baya zaidi nimeligundua nyumbani. Nyuma ya treni, kwenye picha yako ya gazetini, lipo paa la ghala la ushirika. Kama ungesogea mbele mita hamsini, treni ingekua sana na paa lingekua kidogo tu, maana liko mbali nyuma. Kwenye picha yako vyote viwili vimekua sawasawa. Ushahidi ulikuwa mezani kwangu tangu siku ya kwanza, nami nikatazama treni peke yake. Mtoto wa chamani angeliona hilo.

Kichwa changu hakijatulia. Nikifumba macho nakuona umesimama kwenye nguzo, nikifumbua nakuona kwenye tuta, kwa sababu nimekuona hapo mwezi mzima.

Sasa najua hukuvunja. Wewe unajua. Je, haitoshi? Toshiro ameshasahau. Mkewe anakupenda. Tuliache hivi, Obon ipite kwa amani, tusimfadhaishe mtu aliyekubali radhi kwa moyo safi. Nakuomba.

Baba yako


Sugizawa
23 Julai 2013

Misao mwanangu,

Barua yako nimeipata, na imenichanganya hata nikaunguza wali. Hayo ya vibamba na lenzi sikuyaelewa hata moja. Nimeelewa tu kwamba hukukanyaga tuta letu, na kwamba hukuona aibu kuniandikia.

Nilimsomea mume wangu wakati wa chakula cha jioni. Alitazama ndani ya bakuli kama aliyedondosha kitu humo. Nikamwambia, "Wewe, sema." Akasema, "Ni fuko."

Nikadhani anazungumzia mambo mengine. Akaniambia siku ya tatu baada ya tuta kubomoka, alipokuwa analijenga vizuri, jembe lake liliingia kwenye shimo alilochimba fuko chini kwa chini, limepita kutoka upande huu hadi ule. Maji yalipitia humo, yakalibomoa lenyewe. Alijua hayo wiki mbili kabla ya baba yako kuja na keki.

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Alikuwa ameshainama," akasema. "Unamwambiaje mtu ambaye kichwa kiko sakafuni kwamba amekosea?"

Mimi sikujua, naapa. Nilipokuandikia mwezi ule niliandika nilichoamini. Ameniomba nisikuandikie haya. Nakuandikia.

Kinu


Nagoya
27 Julai 2013

Baba,

Ilikuwa ni fuko. Mzee Hatakeyama alijua tangu Mei. Wewe ukainama usije ukamwudhi, naye akakuacha uiname asije akakuaibisha. Sasa unaniomba nami ninyamaze, ili nisiwafadhaishe nyote wawili.

Katika watu wote waliohusika, fuko peke yake ndiye aliyefanya kazi yake.

Sina la kuongeza kuhusu kamera. Obon ni tarehe 13. Sijanunua tiketi.

Misao


Sugizawa
5 Agosti 2013

Misao mwanangu,

Jana ilikuwa Jumapili ya kufyeka njia ya makaburini. Watu wote walikuwepo, kutoka nyumba zote kumi na moja. Baada ya kazi tuliketi ukumbini kunywa chai ya shayiri, nami nikatoa kamera zote mbili nikaziweka mezani, na picha, na lenzi. Nilikuwa nimeandaa maneno usiku kucha na nikayasahau yote. Nikasema tu, "Nina jambo la kusahihisha."

Niliwaeleza jinsi nilivyopiga hesabu. Nikawapa wachungulie, kwanza kamera moja, kisha nyingine. Bibi Tome wa nyumba ya juu, unamkumbuka, sasa ana miaka tisini, alichungulia muda mrefu akasema, "Hebu ngoja. Kwa hiyo kile kidogo ndicho kinachoona kikubwa?"

Nikamwambia, "Hapana bibi, kinaona kidogo, halafu hicho kidogo ndicho kinachotandazwa."

"Ndivyo nilivyosema," akajibu.

Watu walichanganyikiwa, na mimi mwenyewe katikati nikachanganyikiwa, nikaanza upya. Mwishowe nikasema, achaneni na kamera. Misao hakuvuka barabara. Nilimsingizia mwanangu mbele ya jirani yangu. Hilo walilielewa wote.

Toshiro akaweka kikombe chini. "Ni fuko," akasema. "Nilijua tangu Mei."

Nikamwambia, "Ulijua, ukaniacha nimelala sakafuni kwako?"

"Ulikuwa umeshalala. Ningekuinua vipi?"

"Na Misao je?"

Akafikiri, mzee wa watu, kwa uaminifu kabisa. Akasema, "Misao yuko mbali."

Nilitaka kumrukia. Nilisimama hata. Kisha nikakaa, kwa sababu nililisikia neno lile likitoka kwake nikalitambua, lilikuwa langu. Nimelala nalo jana na leo naliandika ulione.

Hesabu yangu niliipiga kwa dakika kumi. Kwa nini sikukuuliza? Nimekuwa nikijiambia ni kwa sababu ya lenzi. Si kweli. Nilikuwa nimeshaamini kabla sijachukua karatasi. Niliona picha, nikafikiri, huyu amekaa Nagoya miaka ishirini na mbili, hajui tena tuta ni nini. Hesabu ilikuja baadaye kunipa haki. Mimi na Toshiro tulikuwa wazee wawili tunaostahiana, na heshima yetu tukamtwisha mtu asiyekuwepo.

Kwa Toshiro niliinama mpaka sakafuni siku ileile. Kwako imenichukua miezi miwili na bado niko kwenye karatasi. Nisamehe, mwanangu. Nilikukosea, na sina kisingizio.

Sikuombi uje. Uamuzi ni wako. Taa ya kumwongoza mama yako nyumbani nitaiwasha mwenyewe.

Eizo


Nagoya
8 Agosti 2013

Baba,

Asubuhi ile nilipofika kwenye nguzo, tuta la Mzee Hatakeyama lilikuwa bichi, limepakwa udongo vizuri, linang'aa. Nilisimama nikalitazama kabla ya treni kuja. Mama alinichapa nikiwa na miaka sita kwa kukanyaga tuta kama lile, na kisha akanifundisha kulijenga upya kwa mikono yangu, yeye ameketi ukingoni ananicheka. Ndiyo maana sikuvuka. Si kwa ajili ya ahadi yako kwa nyumba kumi na moja. Sikuwa hata nimeikumbuka.

Haya ungeyajua kama ungeniuliza.

Bado nina hasira, na nitakuja nayo. Nitafika tarehe 13 kwa treni ya saa kumi na dakika tano jioni. Wageni wa Mama nitawapokea mwenyewe mlangoni, na Mzee Hatakeyama atanywa chai yake kama wengine. Yangu na yako tutayazungumza wakishaondoka.

Usije na kamera stesheni, wala yako wala yangu. Nataka unitazame mwenyewe.

Misao